Nguzo za Kuunga: Ubunifu na Mkono wa Fundi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi neno "ubunifu" hutumika kama chumvi: linatiwa katika kila chungu na hakuna anayeuliza limetoka bahari gani. Tukisema "kazi ya kubuni" tuna maana ya riwaya, tamthilia au hadithi fupi. Tukimwita mtu "mbunifu" tunamwona amekaa peke yake usiku, taa inawaka, na wazo linamshukia. Mwashi, seremala na mchonga mtumbwi, hao ni mafundi tu. Hilo "tu" ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Wenzetu wa vitivo vya sayansi nao wanalo neno hilo hilo. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na huko mbunifu ni mtu aliyeleta kitu ambacho hakikuwapo. Kwa hiyo, ingawa sisi tunazungumzia mashairi na wao wanazungumzia mashine, tumekubaliana kimyakimya juu ya jambo moja: mbunifu ni yule anayeanza upya.

Mimi nina mashaka na makubaliano hayo. Hoja yangu ni kwamba fikra bunifu, katika kazi na katika maisha ya kila siku, huzaliwa zaidi pale kitu kinaposhindwa, na mtu aliyezoea kukishika kwa mikono yake analazimika kukitengeneza kwa vile alivyo navyo. Huko si kuanza upya, ni kuunga. Ushahidi wangu nitautoa katika pwani ya Kilwa na Lindi, kwa sababu huko historia imetuachia mifano inayoweza kushikwa: nguzo, sarafu, mianzi na maji. Mwisho nitauliza sisi wahakiki tunaingia wapi.

Nguzo

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, jengo linalokupokea ufukweni ni Gereza, na mbele yake kidogo ndipo ulipo Msikiti Mkuu. Kila aliyesoma historia ya sekondari anakumbuka kwamba Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Anakumbuka pia kwamba msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani Baba wa Zawadi, kwa ajili ya ukarimu wake. Ibn Battuta aliusifu mji na akamsifu sultani. Mafundi hakuwataja hata mmoja.

Sehemu ya kaskazini ya msikiti ni ya karne ya 11 au ya 12, nayo ni ndogo. Mwanzoni mwa karne ya 14 sultani huyo huyo aliupanua sana kuelekea kusini, akaongeza na kuba moja kubwa ambayo haikupata mfano wake katika Afrika Mashariki hadi karne ya 19. Upanuzi huo ulisimama juu ya nguzo za jiwe moja, yaani kila nguzo ilikuwa kipande kimoja kirefu cha tumbawe kilichochongwa. Hebu fikiria fahari yake. Fikiria pia kazi ya kukitoa baharini kipande cha namna hiyo kikiwa kizima.

Basi, pamoja na fahari yote hiyo, jengo lilianguka. Katika karne ya 15 likajengwa tena, na habari za kale za Kilwa zinamtaja Sultani Sulaiman bin Muhammad. Safari hii mafundi hawakurudia nguzo za jiwe moja. Walijenga nguzo za kuunga: vipande vidogo vya mawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa. Juu ya nguzo wakaweka matao, na juu ya matao wakaweka kuba ndogondogo, zikipishana na dari za mviringo mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu. Sehemu kubwa ya tunachokiona leo ni kazi ya mafundi hao wa marudio.

Ili tuelewe walichokifanya, inafaa tujue vifaa walivyokuwa navyo. Tumbawe likikatwa baharini likiwa bichi ni laini, linachongeka kwa shoka na tezo. Likikauka linakuwa gumu. Ndiyo maana lilitumika kwa mihrabu na miimo ya milango. Kuta za kawaida zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yasiyo na sura, yakashikwa na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kurundika matumbawe juu ya kuni nyingi na kuyachoma, kisha majivu yale meupe yakaachwa miezi yanyeshewe na mvua hadi yapoe na kuiva. Paa la kawaida lilikuwa tambarare, zito, limelazwa juu ya boriti za mikoko. Sasa, boriti ina urefu wake, na chini ya uzito ule haiwezi kuvuka nafasi kubwa: mita tatu hivi, basi. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za mawe, kutoka Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti wa mkoko.

Kwa hiyo fundi wa Kilwa hakuwa na ukurasa mweupe. Alikuwa na jiwe la namna fulani, chokaa ya namna fulani, mti wa urefu fulani, na mbele yake lundo la paa lililoanguka. Nguzo ya jiwe moja inapendeza, lakini ikipata ufa haina dawa. Nguzo ya kuunga ina viungo vingi. Mzigo unagawanyika, ufa unasimama njiani, na upande mmoja ukimomonyoka unaweza kuzibwa bila paa lote kushuka. Kuba ndogondogo nazo ziliwaondolea mafundi utumwa wa boriti. Hayo si mawazo yaliyoshuka usiku. Yalitoka katika kifusi.

Nilipotembelea kisiwa hicho na wanafunzi wenzangu, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya chokaa alitukuta tumeduwaa mbele ya nguzo hizo. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Babu, mbona nguzo zenyewe nene hivi?" Mzee akaipigapiga nguzo kwa kiganja. "Mjukuu wangu," akasema, "zile za kwanza zilijengwa zionekane. Hizi zilijengwa zisianguke."

Linganisha na Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya jabali upande wa mashariki wa mji. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane, na ramani yake inafanana na kasri za ulimwengu mpana wa Kiislamu. Kwa kipimo cha upya, hilo ndilo jengo bunifu kuliko yote ya zama zake katika pwani yetu. Lakini halikumalizika, likahamwa mapema, wala miji mingine haikulifuata. Msikiti ulioanguka ukaungwa, watu wakaendelea kusali ndani yake.

Najua hapa nagusa ubishi wa zamani. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974, aliupa mkono wa wageni uzito mkubwa katika chimbuko la miji hii. Waliofuata, kama Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, walisisitiza mizizi yake ya Kiafrika. Ubishi huo una maana, kwa sababu wakoloni waliutumia kutuambia kwamba kila jiwe lililochongwa vizuri lilichongwa na mtu mwingine. Lakini pande zote mbili huwa zinauliza nani alianza. Nguzo za Kisiwani zinauliza swali jingine: palipoanguka, nani alitengeneza? Mwenye ramani anaweza kuwa mgeni. Anayejua chokaa hii, mvua hii na boriti hizi ni mwenyeji, hata kama babu yake alishuka kutoka jahazini.

Na sisi wa fasihi tumeurudia ubishi huo huo bila kujua. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko waligombana miaka nenda miaka rudi kama shairi lisilo na vina limetoka Ulaya au la. Mbona hatukuuliza kwa nguvu ile ile ni kitu gani kilikuwa kimepasuka katika shairi la wakati ule, hata mshairi akaona haja ya kuunga kwa njia nyingine?

Sarafu

Mfano wa pili ni mdogo kiasi cha kuingia katika mfuko wa shati. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana mbali kabisa, katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Wanahistoria huzitumia sarafu hizi kupanga orodha ya watawala, na kazi hiyo inawasumbua kwa sababu hazina tarehe. Sisi wa fasihi tungepaswa kuzitazama kwa jicho jingine, kwa sababu zina vina.

Upande mmoja wa sarafu una jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili una maneno machache ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yamechaguliwa ili mwisho wake ulandane kwa sauti na mwisho wa jina. Ukisoma upande mmoja umepata nusu ya kauli. Ukiigeuza sarafu kiganjani ndipo kina kinapokamilika. Jina likibadilika, maneno ya upande wa pili nayo yanapaswa kutafutwa upya ili yalandane.

Hebu tumfikirie aliyechonga muhuri wa kupigia sarafu hizo. Nafasi yake ni duara linalofunikwa na kidole gumba. Herufi azichonge kinyume ili zitokee sawa. Jina la mtawala hawezi kulibadili, na sifa ya Mungu hawezi kuiharibu. Mtu huyo, akiwa peke yake au akishirikiana na mwanachuoni wa mjini, alikabili tatizo lile lile la mtunzi wa tarbia: maneno yaingie, maana isipotee, sauti ikae. Tofauti ni kwamba akikosea shaba ndiyo inayoharibika.

Tena angalieni lugha yetu yenyewe ya uhakiki. Mizani tunayohesabu katika mshororo ni mizani ile ile ya sokoni. Ubeti umetokana na neno la Kiarabu ambalo maana yake nyingine ni nyumba. Mtunzi hodari tunamwita fundi wa maneno, naye haoni kama ametukanwa. Waliotuachia istilahi hizi hawakuona ukuta kati ya anayepima nafaka, anayejenga nyumba na anayetunga shairi. Ukuta huo tumeujenga sisi katika mihadhara, na sina hakika kama tulitumia chokaa iliyoiva.

Mianzi ya Tendaguru

Tushuke sasa kusini hadi Lindi, na turuke karne kadhaa. Nafanya hivyo kwa sababu mafundi wa Kilwa hawana majina, nami nahitaji mfano ambapo angalau jina moja limebaki.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani waliokuwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mifupa yenyewe ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Waliochimba hasa ni wenyeji, na katika misimu mikubwa walifikia mamia. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi, na kutoka hapo zikapelekwa Berlin kwa meli. Mwaka 1937 mifupa mmojawapo, mrefu zaidi ya mita 13, ulisimamishwa katika makumbusho ya huko, na umeshangaza watoto wa Ulaya tangu wakati huo.

Tatizo lilikuwa hili. Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 ukitolewa unavunjika kama biskuti. Desturi ya Ulaya ilikuwa kuufunga kwa plasta na kuutia ndani ya sanduku la mbao. Huko Tendaguru plasta na mbao havikutosha. Badala yake vipande vya mifupa vikafungwa kwa vijiti vya mianzi vilivyozungushwa kama pipa na kukazwa kwa kamba, na udongo ukafanya kazi ya plasta. Vifurushi hivyo vya mianzi vilistahimili njia ya porini, bahari, na vita viwili vya dunia. Vingine vilikaa makumbusho Berlin kwa zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa.

Ukikitazama kifurushi kama hicho kwa macho ya mtu wa Lindi, utaona kitu unachokijua. Utaona ukuta wa fito na udongo. Utaona mguu uliovunjika ukifungwa gango na mganga wa mifupa. Utaona tenga. Maarifa yote yaliyohitajika yalikuwapo tayari vijijini, katika kazi za kila siku ambazo hakuna aliyeziita sayansi. Kilichokuwa kipya ni mfupa tu, na shida.

Msimamizi mkuu wa wafanyakazi aliitwa Boheti bin Amrani. Alisimamia uchimbaji, akawa na ujuzi wa kuisafisha na kuitayarisha mifupa, na Wajerumani wenyewe walimtegemea. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya fundi mmoja kuingia katika kamusi ya wataalamu. Wenzake bado wamo katika lile neno "tu".

Maji

Nimeiruka makusudi miaka ya 1905 hadi 1907, kwa sababu inaitikisa hoja yangu na ilistahili nafasi yake. Wachimbaji wa Tendaguru waliajiriwa katika nchi iliyotoka vitani na njaani. Nikisifu ubunifu wao bila kutaja hayo nitakuwa nimepaka chokaa juu ya ufa.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kugawa maji ya dawa. Watu walikuwa wamelazimishwa kulima pamba ya serikali, na kila kabila lilikuwa na malalamiko yake na mganga wake. Kinjikitile hakuanzisha dini mpya. Alichukua imani zilizokuwa zikijulikana, za Bokero na Kolelo, ambazo watu waliziendea kuomba mvua na mavuno. Akachukua maji, ambayo kila mkulima anayaheshimu. Akaviunga vitu hivyo na shida mpya ya pamba na bunduki. Habari zikasambaa kwa kunong'onezana, njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila. Watu ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja wakajiona kitu kimoja. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro, na vita vikaendelea bila yeye.

Kama kuna tendo la ubunifu wa kisiasa katika historia ya Tanganyika, ni hilo. Lina alama zote nilizozitaja: shida, vifaa vilivyozoeleka, kuunga. Na lilishindwa. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani walikadiria waliokufa kwa vita na njaa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee wa Umatumbi, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Mtu ataniuliza, ubunifu wa kuunga ulisaidia nini hapo? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba palikuwa na tofauti moja kubwa kati ya mwashi wa Kisiwani na mgawa maji wa Ngarambe. Mwashi alipewa nafasi ya kukosea. Jengo lilipasuka, akaona ufa, akajaribu tena kwa namna nyingine. Maji hayakupata nafasi hiyo. Mtihani wao wa kwanza wa kweli ulikuwa bunduki, na mtihani wa bunduki hauna marudio. Umoja ulisimama, dawa haikusimama, na hapakuwa na mtu aliyeweza kuvitenganisha viwili hivyo mapema bila kuonekana msaliti.

Walioendelea na kazi ya kuunga ni watu wa maneno, na wawili kati yao ni wa Lindi. Abdul Karim bin Jamaliddini aliuchukua utenzi, umbo lililozoeleka kwa habari za Mtume na mashujaa wa dini, akauingiza vita vya nyumbani kwake. Utenzi wake wa Vita vya Maji-Maji ulitolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, aliandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Jina lenyewe alilibadili kidogo, na mabadiliko hayo ya irabu yanatuambia kwamba mtu wa jukwaani si yule wa Ngarambe mzima mzima.

Tazama Hussein alivyofanya kazi. Historia ilimpa paa lililoanguka: maji hayakufaa. Angeweza kulificha, akatupa shujaa wa jiwe moja. Badala yake aliuweka ufa katikati ya jukwaa. Kinjeketile wake anaanza kulitilia shaka neno lililotoka kinywani mwake, anaona limekuwa kubwa kuliko yeye na haliko tena mikononi mwake. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa sababu anajua tamko hilo litatumiwa kuwaambia watoto kwamba madai yote ya baba zao yalikuwa uongo. Hapo dawa na umoja, vilivyokuwa kitu kimoja mwaka 1905, vinatenganishwa. Dawa inaachwa, umoja unabebwa. Huo ni ufundi wa nguzo za kuunga kabisa: kifusi kile kile, mpangilio mwingine, na mzigo umegawanywa upya.

Hitimisho: kazi ya mhakiki

Neno "kuhakiki" maana yake ya mwanzo ni kuhakikisha, kukagua kama kitu ni kweli. Fundi naye hukagua: anagonga ukuta kwa kiganja na kusikiliza. Ikiwa ubunifu huzaliwa pale kitu kinapopasuka, basi mhakiki ni mtu wa kusikiliza ufa, na kazi hiyo ni nzito kuliko kugawa sifa kwa waliotangulia kuanza.

Napendekeza basi, wenzangu na waalimu wetu, tubadili maswali yetu. Tunapopewa riwaya au diwani mpya tumezoea kuuliza: je, kuna upya? Tuulize kwanza ni kitu gani kilishindwa kabla yake, katika fasihi au katika maisha, hata ikahitajika. Tuulize mwandishi alikuwa na vifaa gani mkononi, na urefu wa boriti yake ulikuwa kiasi gani. Tuulize kiungo kiko wapi, na kama kinabeba mzigo au kimepakwa rangi tu. Maswali hayo yatatuwezesha kumsoma mwandishi mkubwa, na pia manju wa ngoma anayerekebisha wimbo katikati ya mchezo kwa sababu wachezaji wamechoka, na mama anayesimulia ngano kwa kubadili mwisho kwa sababu mtoto ameanza kulia. Kwa kipimo cha upya hao hatuwaoni kabisa.

Ninalipinga pia wazo kwamba tofauti hii ni ya maneno matupu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya miaka ya ukarabati. Ukuta wa chokaa hauwezi kutibiwa kwa saruji peke yake. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, haiachi unyevu utoke, na mwishowe inabandua kile ilichokuja kukishika. Ilibidi chokaa itengenezwe, na ili itengenezwe ilibidi wawepo watu wanaojua kuipanga kuni, kuyachoma matumbawe na kuingoja mvua. Maarifa hayo hayakuhifadhiwa na jina la sultani lililo juu ya sarafu. Yalihifadhiwa na mikono iliyopokezana, watu ambao hatukuwahi kuwahesabu miongoni mwa wabunifu.

Kama mikono hiyo ingekatika, tungebaki na vitabu vizuri sana kuhusu msikiti ulioanguka. Jambo hilo linaweza kutokea katika fasihi pia, na pengine limekwisha kuanza. Kila tunapomwacha nje ya mitaala yetu manju, mghani na msimulizi kwa sababu hawana kitabu chenye majina yao, tunapoteza tanuri moja la chokaa. Siku paa la riwaya likipasuka, na yote hupasuka, tutamwendea nani?